Kona ya Nyuma ya Sanduku

Chukua kiberiti, kiweke mezani, kigeuze mpaka kona yake moja ikuelekee, kisha kichore bila rula. Kazi hii inaonekana ndogo mno. Kiberiti kina pande 6, kingo 12 na kona 8, na mwanafunzi wa shule ya msingi atakutajia hesabu hiyo bila kusita. Lakini wapo watu wanaochora nyuso zikafanana na wenyewe, wanaochora miti ukahisi upepo unaitikisa, na bado kiberiti kikawashinda. Uso wa mtu una nywele, una mikunjo, una kivuli chini ya kidevu; mkono ukiteleza kidogo, jicho la mtazamaji husamehe na kupita. Sanduku halina pa kujificha. Lina mistari 12 iliyonyooka, na mistari hiyo ama inakubaliana ama inagombana.

Wapo wanaolichukulia jambo hili kwa uzito wake. Hukaa chini wakachora masanduku ukurasa baada ya ukurasa, hili limelala, hili limesimama, hili linaning'inia hewani limeinama. Zoezi linalojulikana sana siku hizi ni lile la masanduku 250 katika mafunzo ya Drawabox, yaliyoandaliwa na Irshad Karim, mchoraji wa Kanada. Masharti yake ni mafupi: kalamu ya wino, hakuna rula wakati wa kuchora, hakuna kufuta, kila sanduku likae kwa namna yake, na ukurasa ukimalizika usahihishwe kabla ya kuanza mwingine.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Masanduku 250 yasiyosahihishwa ni mazoezi ya mkono peke yake. Yakisahihishwa yanakuwa shule, na ninaamini ni miongoni mwa shule bora za kumfundisha mtu kukosolewa na kukosoa. Kosa la sanduku liko kwenye karatasi, kila mwenye macho analiona, rula inalipima, na halihusiani hata chembe na hadhi ya aliyelichora.

Tuanze na kanuni yenyewe. Katika vituo vidogo vya Reli ya Kati ya zamani, mahali njia iliponyooka, ukitazama mbali utaona vyuma viwili vikikaribiana mpaka vikakutana kwenye upeo wa macho. Unajua havikutani. Kati ya chuma na chuma kuna mita 1 hapo ulipo, kuna mita 1 Tabora, na kuna mita 1 Kigoma. Vinginevyo treni isingefika. Macho yanaona jambo moja na akili inajua jambo jingine. Pespektivu, yaani ufundi wa kuonyesha karibu na mbali kwenye karatasi iliyo bapa, inamtaka mchoraji ayafuate macho: mistari ambayo duniani ni sambamba na inakwenda mbali nasi, ichorwe ikielekea nukta moja. Tuiite nukta ya makutano.

Sanduku lina seti 3 za mistari sambamba, ya urefu, ya upana na ya kimo, na kila seti ina mistari 4. Likigeuka kiasi kwamba hakuna seti iliyo sambamba na karatasi, kila seti inapata nukta yake ya makutano. Seti ya kimo ndiyo inayosahaulika. Simama chini ya ghorofa refu la Kariakoo uinue macho, utaziona kuta zenyewe zikikaribiana kwenda juu. Na mara nyingi nukta hizi 3 haziko hata kwenye karatasi. Moja iko pembeni ya meza, nyingine iko sakafuni, ya tatu iko mahali fulani kwenye ukuta wa chumba. Mchoraji anaelekeza mistari yake mahali asipoweza kuweka alama, akitegemea hisia ya mwelekeo tu. Hisia hiyo hakuna anayezaliwa nayo, hujengwa.

Kinachoipinga ni ujuzi tulio nao tayari. Tunajua kwamba upande wa nyuma wa kiberiti ni sawa na upande wake wa mbele, basi akili inausukuma mkono uchore usawa huo. Matokeo yake ni masanduku yanayopanuka kwenda nyuma, kinyume kabisa cha macho yanavyoona. Karibu kila anayeanza huyachora hivyo, awe hodari au la. Kwa hiyo kujifunza kuchora sanduku ni kujifunza kuisikiliza akili kwa tahadhari, na kulipa jicho haki yake.

Mkono nao una adabu zake. Mtu anapoandika barua, vidole na kifundo cha mkono vinamtosha, maana herufi ni fupi. Mstari wa sentimita 10 ukichorwa kwa kifundo hupinda, kwa kuwa kifundo kinafanya kazi ya bawaba ya mlango: kikitembea, kinachora tao. Mstari mrefu hutoka begani. Mchoraji anaweka nukta 2, ya mwanzo na ya mwisho. Anaigeuza karatasi mpaka ikae sawa na mkono wake. Kisha anaupitisha mkono hewani, kutoka nukta hadi nukta, mara kadhaa, wino haujagusa kitu. Mwendo ukitulia, kalamu inashuka na mstari unachorwa kwa mkupuo mmoja.

Akiikosa nukta kwa milimita chache, hairudii. Hapa pana uamuzi ambao wanaofundisha zoezi hili wanausimamia kwa ukali, nami naukubali kwa moyo wote: mstari ulionyooka uliokosa shabaha kidogo unathaminiwa kuliko mstari uliofika shabaha huku ukitetemeka. Shabaha huja yenyewe kadiri mtu anavyozoea. Kusitasita kukizoeleka mkononi, hutoka kwa taabu kubwa, na huonekana katika kila kitu mtu huyo atakachochora baadaye.

Wino nao una sababu. Penseli na ufutio humruhusu mtu kuchora kwanza na kufikiri baadaye. Wino unalazimisha fikra itangulie. Tena wino unalitunza kosa. Ukurasa uliofutwafutwa unaonyesha mwisho wa safari tu, lakini ukurasa wa wino unaonyesha kila uamuzi kwa mpangilio wake: hapa alijiamini, hapa alisita, hapa alibadilisha nia katikati ya mstari. Anayekuja kusahihisha anahitaji ushahidi huo. Ukifutwa, atasahihisha nini?

Sanduku linajengwa kwa hatua. Kwanza ni mistari 3 inayotoka kwenye nukta moja na kuunda herufi Y. Hiyo ndiyo kona iliyo karibu nasi kuliko zote. Kila pembe kati ya mistari hiyo izidi digrii 90; ikipungua, sanduku linaanza kuonekana limevutwa upande. Kisha kutoka kila ncha ya Y inatoka mistari 2, na kila mstari mpya unachorwa kwa kuwatazama wenzake wa seti moja waliokwisha kuchorwa, huku mtu akijiuliza wangekutana wapi kama wangeendelea. Mistari hiyo 6 ikikamilika, pande 3 zinazoonekana zimefungwa. Sanduku limesimama, na wengi wangeweka kalamu chini.

Zoezi linadai zaidi. Linadai mistari 3 ya nyuma, ile ambayo sanduku la mbao lingeificha. Mistari hii inatoka kwenye kona 3 tofauti na inapaswa kukutana mahali pamoja, kwenye kona ya 8, kona ya nyuma. Hapa ndipo ninapolipenda zoezi hili kuliko popote. Mistari 2 ikivukana, lazima ivukane mahali fulani. Makutano yake hayathibitishi kitu. Ni mstari wa tatu unaotoa hukumu. Ikiwa mistari 9 ya mwanzo ilichorwa kwa maelewano, huu wa mwisho utapita palepale wenzake walipokutana. Ikiwa kila mmoja ulikosea kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikukiona, makosa hayo yote yanasafiri ndani ya sanduku na kujikusanya kwenye kona ile, na mahali pa nukta panatokea pembetatu ndogo. Kona ambayo mtazamaji wa kawaida asingeiona kamwe ndiyo inayotoa ushahidi juu ya zile 7 anazoziona.

Anayeanza hupata kishawishi cha kuupinda mstari wa tatu kidogo ili ufike kwenye makutano. Mwenye subira anauacha ulivyo. Pembetatu ile ndogo ni taarifa, na taarifa hiyo ameipata kwa kazi yake.

Ukurasa ukijaa, ndipo rula inapotoka mkobani kwa mara ya kwanza, pamoja na kalamu za rangi 3, tuseme nyekundu, bluu na kijani, rangi moja kwa kila seti. Kila mstari wa sanduku unarefushwa upande unaokwenda mbali na mtazamaji. Karatasi iliyokuwa nyeupe na nyeusi inajaa mikia ya rangi. Mikia 4 myekundu ikikaribiana kwa pamoja kuelekea sehemu moja, seti hiyo ni nzima. Ikiwa 2 inakutana karibu na 2 inakutana mbali, kuna jambo la kuchunguza. Ikiwa inaachana, sanduku lilipanuka nyuma, na sasa huwezi kujidanganya kwamba ni macho yako tu.

Ukizitazama kurasa nyingi za watu mbalimbali, makosa huanza kujirudia kwa sura zinazotambulika. Kuna lile la kupanuka nyuma, ambalo huisha mapema. Kuna kosa la jozi: mchoraji aliilinganisha vizuri mistari 2 ya upande mmoja wa sanduku, akailinganisha vizuri mistari 2 ya upande wa pili, lakini jozi hizo hazikuwahi kukutanishwa. Kila jozi ina makutano yake, na sanduku linaonekana limesokotwa. Na kuna kosa la mistari ya ndani, ambalo hudumu kuliko yote. Katika seti ya mistari 4, aghalabu 2 huwa ya nje na 2 ya ndani, na mmoja kati ya hiyo ya ndani mara nyingi ni ule unaokwenda kwenye kona ya nyuma. Nukta ya makutano ikiwa mbali, mistari 2 ya ndani inatofautiana mwelekeo kidogo sana, hata juu ya karatasi inakaribia kuwa sambamba. Asiyelijua hilo huilazimisha ikutane mapema, maana ameambiwa kwamba mistari lazima ikutane.

Tiba ya makosa haya mawili ya mwisho ni moja, nayo ni ya kufikiri, si ya mkono. Usiifikirie mistari kuwa inatoka kwenye sanduku kwenda kwenye nukta. Ifikirie kuwa inatoka kwenye nukta, yote 4 kwa pamoja, ikija kuligusa sanduku. Mara moja utaona kwamba pembe kati yao kule inakotoka ndiyo inayoamua kila kitu, na kwamba hakuna mstari unaoweza kuchorwa kwa kumtazama jirani mmoja tu.

Kujisahihisha huku hakukuongezwa na walimu wa leo. Kumo ndani ya ufundi huu tangu ulipozaliwa, na hata kabla. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuandika akiwa Cairo, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuja machoni kwa njia iliyonyooka, na madai yake mengi aliyajengea majaribio. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Mwanzoni mwa karne ya 15, mjini Florence, Filippo Brunelleschi alichora kwenye ubao jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu la mji huo, kisha akatoboa tundu dogo kwenye ubao wenyewe. Mtazamaji alisimama nyuma ya ubao, akachungulia tunduni, na kwa mkono mwingine akashika kioo mbele yake kilichomrudishia ile picha. Alipokishusha kioo, aliliona jengo halisi mahali palepale. Ubao huo umepotea. Habari zake tunazipata kwa Antonio Manetti, aliyeandika maisha ya Brunelleschi. Brunelleschi hakuwaomba watu wamwamini. Aliwapa njia ya kumpima.

Leon Battista Alberti aliiandika kanuni hiyo mwaka 1435 katika kitabu chake De pictura. Alifundisha kuchora sakafu ya vigae vya mraba inayokwenda mbali, na papo hapo akatoa kipimo: pitisha mstari mmoja ulionyooka kwa mshazari juu ya vigae, ukizigusa kona za vigae vinavyofuatana, sakafu iko sawa. Mikia yetu ya rangi ni watoto wa mshazari ule. Alberti huyohuyo aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao kwenye kioo, ambamo makosa hujitokeza upesi, na wawape watu nafasi ya kusema wanachokiona. Miaka 90 baadaye, mwaka 1525, Albrecht Dürer wa Nuremberg alichapisha kitabu cha upimaji chenye picha ya watu wawili wakichora ala ya nyuzi inayofanana na udi. Wamefunga uzi ukutani mahali pa jicho, wanauvuta mpaka kwenye ala, na kuweka alama pale uzi unapopenya fremu, nukta moja moja. Kwa mafundi hao wote, kuchora na kukagua ni kazi moja.

Hata hivyo rula na rangi 3 zina mpaka wao. Zinaonyesha kosa liko wapi. Hazisemi limetoka wapi. Mtu anaweza kujaza kurasa nyingi zenye kosa la jozi, akaona kila mara mikia ikikataa kukutana, akajiahidi kuongeza umakini, na ukurasa unaofuata ukatoka vilevile. Umakini anao tele. Anachokikosa ni swali sahihi la kujiuliza kabla ya kuweka nukta, na swali hilo hawezi kulipata ndani ya mazoea yaleyale yanayomkosesha. Hapo anahitajika mtu wa pili.

Mrejesho mzuri una umbo lake. Hausemi "hongera, endelea hivyohivyo," na hausemi "bado sana." Unasema hivi: "Sanduku la pili kutoka juu, tazama mistari ya kijani. Ule unaokwenda kona ya nyuma umeufuatisha na wa chini yake peke yake. Ukurasa ujao, kabla hujaweka nukta, itazame yote minne." Katika maneno hayo machache kuna mahali, kuna sababu, na kuna la kufanya kesho. Au unasema: "Masanduku yako yote yanapungua taratibu kwenda nyuma, ndiyo maana yote yanaonekana madogo au ya mbali. Chora mengine yanayopungua kwa kasi, uone yanavyosogea karibu." Huo wa pili haukutaja kosa lolote. Umemfungulia mtu mlango wa chumba ambacho hakuwa amekiingia. Msahihishaji mzoefu huona pia yale yanayopita uwezo wa rula: kwamba Y zako zote zina pembe zilezile, kwamba mistari yako inapoteza ujasiri kila inapokaribia kona ya nyuma, kwamba kurasa za mwisho zilichorwa kwa haraka ya kumaliza.

Utafiti unaipa adabu hii nguvu. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu mrejesho. Waligundua kwamba kwa wastani mrejesho huongeza ubora wa kazi, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapitia, kazi iliharibika baada ya mrejesho kutolewa. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoyahamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyarudisha kwake mwenyewe: mimi ni hodari, mimi sifai, wananionaje. Sifa tupu nazo zina hatari hiyo, sawa na matusi.

Ndiyo sababu ninaona sanduku ni mahali pazuri mno pa kujifunza kukosolewa. Mstari wa kijani ukiachana na wenzake, hakuna anayeweza kusema ameonewa. Msahihishaji na mchoraji wote wawili wanatazama karatasi, hawatazamani. Mdogo anaweza kumwonyesha mkubwa, mwanafunzi akamwonyesha mwalimu, bila mtu kuvunjiwa heshima, kwa kuwa kidole kimeelekezwa kwenye mstari. Katika jamii zetu, ambamo kumkosoa mtu hadharani kunaweza kuvunja udugu, hii ni zawadi. Sanduku linampa kila mmoja lugha ya kusema kweli bila kuumiza.

Kuna pia adabu ya kupokea. Ukiambiwa sanduku la pili lina kosa, usirudi kulichora upya. Limekwisha kazi yake. Tiba iende kwenye sanduku linalofuata, na lile la kosa libaki kwenye faili lilivyo, maana baada ya kurasa nyingi utahitaji kuona umetoka wapi. Na kuna adabu ya kutoa. Anayepitia masanduku ya wenzake, akarefusha macho yake kwenye mistari ya mtu mwingine na kulazimika kueleza kwa maneno kwa nini seti fulani haikutani, hurudi kwenye karatasi yake akiwa na jicho jipya. Hajui mchoraji alikusudia nini, anaona kilichochorwa tu. Wengi husonga mbele kwa kusahihisha kuliko walivyosonga kwa kusahihishwa.

Isidhaniwe kwamba pespektivu ndiyo kipimo cha uzuri wote. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, aliwapanga chui na ndege wake bila nukta yoyote ya makutano, na kazi yake ikazaa shule nzima ya sanaa inayoendelea hadi leo. Na wanaojifunza michoro ya kiufundi katika vyuo vyetu huchora isometriki, ambamo mistari sambamba hubaki sambamba, kwa sababu fundi seremala anataka kupima kabati kwenye karatasi na kupata kipimo cha kweli. Lakini mteja anayeuliza kabati hilo litaonekanaje sebuleni kwake, akiwa amesimama mlangoni, hajibiwi na isometriki. Anajibiwa na pespektivu. Kila njia ina kazi yake, na mchoraji mwenye njia nyingi yuko huru zaidi.

Nguvu ya sanduku ni kwamba vitu vingi vimo ndani yake. Ukitaka gurudumu la bajaji lililogeuka, chora sanduku jembamba, kisha ndani ya upande wake mmoja chora duaradufu inayogusa kingo zote 4. Ukitaka kifua cha mtu aliyejipinda, anza na sanduku la mbavu na sanduku la nyonga, moja limegeukia huku na jingine kule. Nyumba, daladala, redio, kichwa cha ng'ombe: kila kimoja kina sanduku lake, na anayeweza kuligeuza sanduku hilo kichwani mwake anaweza kukichora kitu hicho kutoka upande ambao hajawahi kukiona. Mafunzo ya Drawabox yana sharti jingine ninaloliheshimu: nusu ya muda wote wa kuchora itumike kuchora kwa furaha tu, bila zoezi wala alama. Ni sharti la busara. Masanduku yanajenga uwezo, na uwezo unahitaji mahali pa kukimbia.

Anayetaka kuanza hahitaji kununua mengi. Kalamu ya biki inatosha kwa siku za mwanzo, karatasi ya kawaida inatosha, na rula ya shule. Achore ukurasa mmoja taratibu, mkono ukipita hewani kabla ya kila mstari, na mistari yote 12, pamoja na ile 3 ya nyuma. Arefushe kwa rangi. Aitazame kona ya nyuma kwa muda, na aandike pembeni sentensi moja ya kile alichokiona. Kisha ampelekee mtu mwingine ukurasa huo, na asimwulize kama ni mzuri. Amwulize ni mstari upi, na kwa nini.